Mwenye Kufungua Tatami

Benchi yetu iko Kamembe, ku kibaraza ya Hamadi muuza kahawa, fasi barabara inapinda kabla ya kushuka ku ziwa. Asubuhi pikipiki zinapiga honi, malori ya simenti yanapanda polepole kutoka Muganza, bamama ba Bukavu banapita na mabeseni ku kichwa, na sisi tumekaa. Tuko batatu ba kila siku. Mirindi tunamuita Ministre, ju anasema kila kitu sawa vile ameitoa ku redio. Nzabonimpa tunamuita Docteur, ju alilinda mulango ya hospitali moja miaka mingi na anaapa kwamba masomo yote ilikuwa inapita pale mulangoni. Wa tatu ni mimi, Buhendwa. Mimi bananiita Champion, na ile jina sikuiokota. Miaka ya themanini klabu ya judo ya hapa ilikuwa na muntu moja ambaye mugongo yake haikugusa chini, na ule muntu njo mimi. Asubuhi ile nilifika ku benchi na hasira mupaka ku masikio. Hamadi aliniangalia uso, akaongeza tangawizi bila kuniuliza.

— Umelala vibaya? akauliza Docteur.

— Nimelala muzuri. Ni bantu njo bako babaya.

— Nani tena?

— Kamali.

Ministre akacheka ndani ya kikombe yake. Kamali ni fundi mushonaji, mashini yake iko ku veranda ya tatu kutoka hapa. Tulianza judo pamoja, siku moja, kimono zetu zilitoka ku kitambaa moja. Na miaka yote ya klabu mimi nilikuwa naangusha, yeye anaanguka. Ilikuwa kazi yetu. Leo tuko rika moja, mimi natembea na fimbo, yeye anapanda kilima ya soko na furushi ya vitambaa begani, tena anapiga miluzi. Miluzi, kwa umri ile!

— Nilimuona Honorine jana jioni, nikasema. Amekaa ku veranda ya Kamali. Amekaa! Bamemupa kiti, bamemupa fanta.

— Fanta ya baridi? akauliza Ministre.

— Chupa ilikuwa inatoka jasho.

— Basi imekwisha. Mambo ya uteuzi inaanza na fanta.

Honorine ni mwalimu wa klabu. Klabu ilikuwa imekufa kitambo, yeye ameifufua, msichana wa mukanda mweusi, hana mchezo. Amepata ukumbi, na juma ile tatami mupya, ile mikeka ya judo, zilikuwa zimefika. Siku ya dimanche, Jumapili, zitafunguliwa mbele ya bantu, na klabu moja ya Bukavu itavuka mupaka kuja kuangalia. Desturi yetu toka zamani: tatami mupya inafunguliwa na muntu wa klabu wa siku nyingi. Bazee ba klabu tumebaki babili. Sasa kati ya mwenye alikuwa anaangusha na mwenye alikuwa anaangushwa, nani anafungua? Hata mutoto mudogo wa maternelle anajua. Mimi nilikuwa nimeisha kumupigia simu binti yangu Marguerite kule Bukavu, avuke na bajukuu bote baone babu yao. Muke wangu, Maman Véronique, alikuwa ameisha kufua kimono na kuianika ku kamba, na majirani bote baliiona.

— Labda Honorine alienda kushonesha kitu, akasema Hamadi.

— Hamadi, weye mimina kahawa.

— Champion ana wivu, akasema Docteur.

— Wivu? Mimi? Nimuonee wivu muntu mwenye nilimutupa chini mbele ya Kamembe muzima? Mimi nauliza tu. Nauliza: ile mugongo ameipata wapi? Fundi mushonaji, muntu wa kuinama ku mashini siku muzima, na mugongo imenyooka sawa mulango. Na mimi, champion, Maman Véronique ananivalisha soksi.

— Anakuvalisha soksi?

— Siku moja moja.

— Soksi zote mbili? akauliza Ministre.

Asubuhi ile ile Kamali alikuwa amepita mbele ya kwangu, na Maman Véronique alisimama ku dirisha na ufagio mukononi, akamufuata na macho mupaka akapotea ku kona. Halafu akanigeukia akasema: «Angalia mwenzako.» Maneno mawili tu.

Docteur akavuta benchi karibu.

— Mimi nakaa nyuma ya ile hangari ya zamani ya kuwekea kahawa. Namuona kila asubuhi. Anatoka musikitini, anavua kanzu, anaitundika ku tawi ya ule muti ya avoka, anaanza.

— Anaanza nini?

— Kuanguka.

— Kuanguka namna gani?

— Kuanguka, sha! Amesimama muzuri, hakuna mwenye amemusukuma, anaanguka. Mbele, nyuma, kando. Na mukono anapiga chini: paa! Anasimama, anajipangusa majani, anaanguka tena: paa! Akichoka ile, anaenda ku muti. Amefunga pale mupira ya ndani ya baiskeli, nyekundu. Anashika miisho yote mbili, anageuka, anaupa muti mugongo, anavuta. Sawa vile anataka kuubeba aende nao kwake.

— Peke yake?

— Peke yake. Hakuna muntu, hakuna mbuzi.

Mimi ile niliijua. Kila muntu wa judo anaijua: ukikosa mwenzako wa mazoezi, unafunga mupira ku muti, unajifanyisha ni muntu, unaingia, unatoka, unaingia tena, ili viuno visilale. Na kuanguka njo somo ya kwanza tulipewa. Ningeweza kubaelezea mara moja. Lakini sikufungua kinywa, ju nilikuwa nataka kusikia ubaya wake mupaka mwisho.

— Mimi nitabaambia siri, akasema Ministre. Si judo. Ni maji. Kuna yale maji ya moto kule Bugarama, unapitia Nyakabuye. Nilimuona na macho yangu anashuka ku basi na jerikani.

— Ile jerikani ilikuwa ya mafuta ya mawese, akasema Hamadi. Nusu ilikuwa yangu.

— Njo namna yenyewe! Anaficha maji ndani ya mawese!

— Mawese na maji havichangani, Ministre.

— Kwako weye. Kwake vinachangana.

Docteur akatikisa kichwa, sawa vile alikuwa anatikisa ku mulango ya hospitali akiona mugonjwa ameletwa ku mugongo.

— Maji ni kidogo. Mutazame ile mupira. Ju ya nini ni nyekundu? Mupira za baiskeli hapa ni nyeusi. Na tangu aifunge ku ule muti, hebu tujiangalie sisi. Ministre, goti.

— Goti, akasema Ministre. Ya kushoto.

— Mimi, kiuno. Champion, mukono na paja.

— Champion ni sabuni, akasema Hamadi.

— Hamadi!

— Si Maman Véronique alimwaga maji ya kufulia, weye ukapita juu?

Ni kweli. Masika iliyopita, ku uwanja wangu mwenyewe, mbele ya kuku zangu. Nilinyoosha mukono kujizuia, ukavunjika, na paja ikaumia pamoja. Mupaka leo ule mukono haupandi kupita bega.

— Sabuni, sawa, akasema Docteur polepole. Lakini ile sabuni ilitumwa na nani?

Lori ya simenti ikapita, vumbi ikaingia ku vikombe, hakuna mwenye alifunika. Mimi nilikuwa nafikiri ile sabuni. Ilikuwa sabuni ya kawaida, ya mche. Lakini kusema kweli nilikuwa sijawahi kujiuliza.

— Docteur ameanza muzuri, lakini hakumaliza, akasema Ministre, na sauti ikashuka, ile sauti ya habari kubwa. Muangalie ule mukono anapiga chini. Paa. Ju ya nini anapiga? Kila akipiga, mwaka moja inamutoka. Inaingia mu udongo. Paa, mwaka. Paa, mwaka. Ndiyo maana anapiga miluzi ku kilima. Ule si muzee tena, ule ako na miaka arobaini.

— Na miaka yenyewe inaenda wapi? akauliza Docteur.

— Njo hapo! Mwaka haiwezi kulala barabarani. Inatafuta muntu wa kuingia. Na haiingii muntu wowote, inaingia mwenye banajuana. Mwenye balishikana naye kola miaka mingi.

Bote batatu bakaniangalia mimi. Hata Hamadi, na birika mukononi.

Mungu anisamehe, kwa dakika moja niliamini. Nilisikia miaka ya Kamali imenikalia ku shingo, ku paja, ku ule mukono, yangu na yake pamoja. Nikaona ndiyo maana soksi inakuwa mbali hivi asubuhi. Wivu ilinikamata mupaka nikaona kahawa chungu: muntu anakaa ku majani anajipunguzia, mimi napokea, na dimanche batamupigia makofi ju ya mugongo yenye mimi nimelipia.

— Astaghfirullah, akasema Hamadi. Kamali anaswali safu ya mbele.

— Kwa hiyo anasikilizwa haraka, akasema Ministre.

Docteur akakohoa. Akaangalia barabara juu, akaangalia chini, akafungua koti yake.

— Basi mutulie. Mimi nimeisha kumaliza mambo.

Akatoa mupira nyekundu. Ilikuwa imekunjwa, ndefu, na mwisho moja imekatwa na wembe.

— Leo asubuhi, akasema. Yeye akiwa ndani ya musikiti. Krr! Imekwisha.

Ministre akasimama akamupa mukono kwa heshima. Hamadi akageuka akaangalia ukuta. Na mimi? Furaha ilinipanda, sitabadanganya. Nikamuona Kamali anavua kanzu yake, anaitundika ku tawi, anafika ku muti, anatafuta na mikono, anashika hewa. Nikaona ile mugongo inaanza kupinda mbele yangu, kidogo kidogo, siku kwa siku.

— Docteur, nikasema, weye njo rafiki.

— Ficha! akasema Ministre. Honorine!

Kweli alikuwa anapanda, na suti ya michezo na mufuko begani, anatembea ile mwendo ya bantu benye viungo vyao bado vinaelewana. Docteur akanitupia ule mupira sawa vile unachoma. Sikuwa na fasi ya kuutia. Nikaukalia.

— Bapapa, mumeamka?

— Tumeamka, mwalimu. Kahawa?

— Aksanti, Papa Hamadi, nitakunywa siku ingine. Papa Champion, ni weye nilikuwa natafuta. Natoka kuongea na Papa Kamali.

— Tunajua, akasema Ministre. Fanta.

Honorine akamuangalia kidogo, akamuacha.

— Jana nilienda kumuomba afungue tatami siku ya dimanche.

Nilijua, lakini kujua na kusikia si kitu moja.

— Mimi hakuna mwenye aliniuliza, nikasema.

— Njo nimekuja, Papa. Jana alikubali. Leo asubuhi amekataa.

Docteur akanipiga teke ku muguu, teke ya furaha, yenye ilinifika ku mufupa.

— Amekataa? Ju ya nini?

— Kuna muntu amekata mupira yake ya mazoezi. Amenikuta ku soko, anacheka peke yake. Ameniambia: «Honorine, ule mupira miaka yote ulikuwa unakaa fasi ya Buhendwa. Klabu ilipokufa nilimufuata kwake aje tufanye pamoja, akaniambia champion hana mazoezi ya kufanya. Nikaenda kutafuta muti. Sasa mupira umeenda, nitafutie Buhendwa mwenyewe.»

Ni kweli alikuja kwangu, na mimi nilijibu vile.

— Anataka mufanye pamoja dimanche, weye na yeye, akaendelea Honorine. Na amesema weye njo ufungue.

— Mimi?

— Weye.

Nikajinyoosha mupaka mugongo ikalia. Mulisikia? Ministre, umesikia? Ndani yangu nilikuwa nimeisha kufika ku ukumbi, Marguerite mustari ya mbele, bajukuu ku magoti yake, na Maman Véronique anatafuta kitambaa ya kupangusa macho.

— Nilisema! nikasema. Nilisema Kamali ni muntu wa haki! Mwalimu, umwambie asiogope. Mukono yangu moja imechoka kidogo, lakini ingine iko. Nitamuangusha polepole, kwa heshima, asiumie.

— Hapana, Papa. Yeye njo atakuangusha.

Ministre akashusha kikombe.

— Nani atamuangusha nani? akauliza.

— Papa Kamali atamuangusha Papa Champion. Ili afungue. Hamukumbuki desturi yenu? Tatami inafunguliwa na mwenye anaanguka kwanza. Papa Kamali amenieleza, ni mwalimu wenu wa zamani aliiweka: tatami zilinunuliwa ju ya mwenye kuanguka, mwenye kusimama angeweza kusimama hata ku simenti. Si zile mbili za zamani ni yeye alizifungua?

Nikakumbuka makofi. Mara ya kwanza, na mara ya pili pia. Nimesimama katikati ya tatami mupya, mikono juu, Kamali chini yangu, ukumbi muzima unapiga makofi. Na nikakumbuka kitu yenye sikuwahi kuitia mu akili: bantu bote balikuwa banaangalia chini. Mwalimu alikuja, akaniambia nisogee, akamupa Kamali mukono, akamuinua, akamuinamia. Mimi nilikuwa najua anamupa pole.

— Amesema hivi ili anicheke? nikauliza.

— Hapana, Papa. Amesema: «Mimi nimefungua mara mbili, Buhendwa hajafungua hata mara moja, na tumezeeka. Ningependa afungue moja.»

Ningefurahi kama angenitukana. Matusi ningejua pa kuyaweka. Docteur alikuwa anaangalia viatu vyake, na Ministre alikuwa anasugua goti ya kulia, yenye haikuwa inamuuma.

Honorine akainama kidogo. Nilipojinyoosha kwa furaha, mupira ulikuwa umetokea nyuma yangu, kipande nyekundu ku benchi.

— Hiyo tutamurudishia pia, akasema, na sauti haikuwa ya hasira. Akanyoosha mukono. Nikainua upande moja, akauvuta, akaukunja, akautia mu mufuko.

— Haikuwa yeye, akasema Docteur.

— Sikuuliza, Papa.

Halafu akachuchumaa mbele yangu, macho yetu yakawa sawa. Akaangalia fimbo, akaangalia ule mukono wangu.

— Papa, ukiumia ni mimi njo nitajibu. Kwa hiyo nitakuuliza neno moja tu, na unijibu ukweli. Unajua kuanguka?

Kahawa ilikuwa imebaki, na Hamadi hakumimina. Benchi yenye ilikuwa imeeleza maji ya Bugarama, na sabuni, na fasi miaka inaenda ikitoka mu mwili ya muntu, ilinigeukia yote. Mimi nikatafuta mu kichwa. Nikatafuta ile somo ya kwanza, na nikaiona muzuri: Kamali na bengine bako chini banapiga tatami na mikono, paa, paa, na mimi nimeegemea ukuta, nangoja imalize, ju tayari hakukuwa na mwenye kuniangusha, na mwalimu alikuwa amechoka kuniita.

— Papa?

Maman mumoja wa mabeseni akapunguza mwendo kutuangalia, akaendelea. Marguerite alikuwa ameisha kubaambia batoto. Kusema ndiyo ingekuwa uongo. Na wivu yenye nilikuwa nayo asubuhi, ya mugongo, ya miluzi, ya Maman Véronique ku dirisha, haikuwa kitu mbele ya ile ilinikamata pale. Ju ile swali angeulizwa Kamali ku mashini yake, angejibu ndiyo bila hata kuinua kichwa, na sindano ingeendelea kushona.